Barua za Wasomaji: Kisti ya Ubongo, Kamera na Valvu

Wasomaji wa Bukavu, Goma na Lubumbashi wametuuliza juu ya vifuko vya maji vinavyoonekana kwenye ubongo wa watoto, na juu ya upasuaji unaopitia tundu dogo. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha. Majibu yetu ni ya kuwasaidia kuelewa na kuuliza vizuri. Uamuzi unabaki kwa daktari aliyemgusa mtoto na kuiona picha yake.

Mtoto ni mzima, picha ndiyo inatutisha

Jambo, waganga. Kijana wangu wa miaka saba alianguka kutoka ukutani, tukampeleka skana. Mfupa ni mzima, lakini wameandika "kisti ya araknoidi, panja la kushoto, sm 3". Anakula, anasoma, anacheza. Jirani anasema tuuze shamba apasuliwe mapema, kabla maji hayajapasuka yenyewe. Tufanye nini?
— Mama, Kadutu, Bukavu

Mama, shamba lisiuzwe kwa ajili ya picha hiyo.

Kisti ya araknoidi ni kifuko cha maji meupe, yanayofanana na yale yanayozunguka ubongo wa kila mtu, yaliyonasa kati ya matabaka ya utando mwembamba sana unaofunika ubongo. Kwa kawaida mtoto huzaliwa nayo. Si kansa, haisambai, wala haikuletwa na ukuta. Kuanguka kumeifichua tu. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliopitia IRM (picha za sumaku) za watoto zaidi ya 11,000 uliikuta kwa watoto 2 hadi 3 katika kila 100, na wengi wao haikuwasumbua kitu. Karibu nusu ya kisti hizi hukaa panjani, upande wa kushoto zaidi ya kulia, kwa wavulana zaidi ya wasichana. Kwa hiyo, ya kijana wako imekaa pale zinapokaa mara nyingi.

Kisti za panjani hupangwa kwa madaraja matatu ya daktari Galassi, yanayotumika tangu 1982. Daraja la 1 ni ndogo na haisukumi kitu. La 2 imeanza kuusogeza ubongo. La 3 ni kubwa, imeukandamiza ubongo na mara nyingi imepinda mstari wa katikati. Mwombe aliyesoma skana akuandikie daraja, kwa sababu "sm 3" peke yake haisemi mengi. Kisti ya sm 3 panjani inaweza kuishi na mtu mpaka uzee, na nyingine ndogo kuliko hiyo ikaziba njia ya maji katikati ya ubongo na kumlaza mtoto hospitali.

Kisti inayokua huwa inakua kwa mtoto mdogo, chini ya miaka 4 au 5. Kwa mtoto wa miaka saba ni nadra. Fanya mambo mawili. La kwanza, mpeleke kwa daktari wa macho aangalie nyuma ya jicho: mshipa wa fahamu wa jicho ukiwa umevimba, kichwani kuna shinikizo, hata kama mtoto anacheka. Kipimo hicho ni cha bei ndogo na watu wanakisahau. La pili, rudia picha baada ya miezi 6 hadi 12, na kama njia ipo iwe IRM badala ya skana, kwa sababu skana ina mionzi. Isipobadilika, daktari atapunguza picha au ataziacha.

Mpira wa miguu acheze. Ndondi na judo hapana, maana pigo kali linaweza kuivujisha kisti au kukata mishipa midogo iliyo pembeni yake; ni jambo la nadra, lakini halina haja ya kutafutwa. Akianza kutapika asubuhi, kuona vitu viwili-viwili, kupata degedege au kuumwa kichwa kinachomwamsha usiku, rudini hospitali siku hiyo hiyo. Na tuseme wazi: kisti ikishaonekana, hubebeshwa lawama ya kila kitu. Mtoto anayeumwa kichwa saa nane mchana baada ya kushinda shuleni bila maji wala chakula anahitaji maji na chakula.

Valvu au kamera?

Mtoto wetu wa kiume ana miezi minane, kichwa kimefika sm 50 na macho yanaelekea chini. IRM tuliyopigia Kigali imeonyesha kisti katikati, "suprasela", na vyumba vya maji vimejaa. Daktari mmoja anasema tuweke valvu, wa pili anasema kamera bila valvu. Nani ana haki? Na hiyo kamera inapita wapi?
— Baba, Majengo, Goma

Baba, kabla ya yote: msingoje. Kwa chati ya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa miezi 8 huwa na kichwa cha sm 44.5 hivi. Sm 50 iko mbali nje ya mistari, na macho yanayozama chini huku weupe ukionekana juu ni alama ya shinikizo. Hili ni jambo la siku chache.

Madaktari wote wawili wanatumia njia zinazojulikana, lakini kwa kisti ya mahali hapo sisi tungeanza na kamera, kama vifaa na mkono uliozoea vipo. Kisti hii huanzia chini, karibu na pituitari (tezi ya homoni iliyo chini ya ubongo), ikapanda juu na kuziba milango inayounganisha vyumba viwili vya pembeni na chumba cha katikati. Maji hayaachi kutengenezwa: mtu mzima hutoa karibu nusu lita kwa siku, mtoto mchanga kidogo, lakini mchana na usiku. Valvu ni mpira unaotoka kwenye chumba cha ubongo, unapita chini ya ngozi na kumwaga maji tumboni. Itashusha maji ya chumba ulipoingizwa, na kisti yenyewe itabaki pale ikiendelea kusukuma mishipa ya macho na tezi. Tena valvu za watoto huharibika sana: karibu 4 kati ya 10 huhitaji kurekebishwa ndani ya mwaka wa kwanza, kwa kuziba, kukatika au kuingia vijidudu.

Kazi ya kamera ni kufungua kisti yenyewe. Inakwenda hivi.

Maziwa ya mama yanasimama masaa 4 kabla ya usingizi, maziwa ya kopo na uji masaa 6. Maji matupu huruhusiwa mpaka lisaa 1 au masaa 2 kabla, kwa utaratibu wa hospitali. Mtoto analazwa kabisa kwa dawa ya usingizi, kichwa kimeinuliwa kidogo ili tundu liwe sehemu ya juu na maji yote yasimwagike. Mwili unafunikwa na kupashwa joto, kwa sababu mtoto wa miezi minane hupoa haraka mezani. Antibiotiki ya kinga, mara nyingi sefazolini mg 30 kwa kila kilo, inaingia mshipani ndani ya lisaa moja kabla ya kisu.

Ngozi inakatwa sm 2 hadi 3. Kwa mtoto mkubwa mfupa hutobolewa tundu la milimita 10 hivi, sm 2.5 hadi 3 kutoka mstari wa katikati, mbele kidogo ya mshono wa mfupa. Kwa wenu utosi bado uko wazi, kwa hiyo daktari hupita pembeni yake. Bomba jembamba la chuma, milimita 4 hadi 6, linaingizwa mpaka kwenye chumba cha maji, na ndani yake hupita kamera, taa na kijia cha vyombo: mkasi mdogo, koleo, waya wa kuchoma kwa umeme, na mpira mwembamba wenye puto nchani.

Kwenye skrini daktari hutafuta alama zake: tishu nyekundu inayotengeneza maji, mshipa wa damu unaoifuata, na mlango wa chumba cha katikati. Kwa mtoto wenu mlango huo utakuwa umezibwa na kuba la rangi ya samawati. Hiyo ndiyo kisti. Kuba huchomwa kidogo ili lisitoke damu, kisha hukatwa dirisha pana, milimita 10 hadi 15. Tundu la sindano halitoshi, linaziba.

Baada ya hapo kamera inaingia ndani ya kisti yenyewe na kufungua sakafu yake pia, ili maji yapite mpaka chini ya ubongo. Muulizeni daktari kama anafungua juu peke yake au juu na chini. Sakafu ya kisti hii mara nyingi ina mkato mdogo kando ya ateri kubwa, unaofanya kazi kama ngozi ya pampu ya baiskeli: maji yanaingia, hayatoki. Ukifungua juu tu, mkato unaendelea kusukuma maji, na kisti inaweza kurudi. Lakini pale chini ndipo ateri hiyo inapopita, pamoja na mshipa wa fahamu unaoinua kope na shina la pituitari. Daktari akiona sakafu ni nene na haonyeshi kilicho nyuma yake, ana haki ya kuiacha. Hilo msilihesabu kuwa woga.

Kwa muda wote huo ndani panaoshwa kwa maji ya chumvi ya Ringer yaliyopashwa joto mpaka nyuzi 37. Hapa ndipo kosa linaloweza kuua kwa dakika chache: maji yakiingia na njia ya kutoka imefungwa, shinikizo linapanda na moyo wa mtoto unapunguza mwendo. Anayelinda usingizi hutangaza mapigo yakishuka, daktari hufungua njia, na kwa kawaida moyo hurudi. Damu kidogo ikitoka, dawa yake ni kuosha na kungoja; nyingi hukoma zenyewe. Ikifunika skrini yote, heri kuweka mpira wa kutoa maji nje na kurudi siku nyingine kuliko kukata bila kuona.

Kazi yote huchukua lisaa moja hadi masaa mawili. Mwishoni ngozi hushonwa kwa matabaka, bila haraka, kwa sababu kwa mtoto mchanga maji hupenda kuvuja kwenye kidonda.

Hospitali mtakayochagua iwe na kamera yenye bomba dogo la watoto, chumba cha kulinda mgonjwa mahututi, na valvu iliyo tayari ndani ya kabati siku hiyo hiyo. Kamera ikishindwa, valvu inabaki kuwa njia halali. Mkubaliane juu ya hilo kabla mtoto hajalala.

Baadaye picha inaweza kuwachanganya. Kisti haipotei: hunywea polepole kwa miezi, na vyumba vya ubongo vinaweza kubaki vipana. Kipimo chenu kiwe mtoto: utosi umelala, macho yamepanda, kichwa kimeacha kukimbia juu ya chati. Zungumzeni pia na daktari juu ya homoni, maana kisti za suprasela zinaweza kuchelewesha kukua au kuleta balehe mapema sana, hata miaka baada ya upasuaji.

Valvu ya Uhindi ni bandia?

Tumeambiwa valvu ya bei ndogo kutoka Uhindi haifai, tununue ya Ulaya kwa mamia ya dola. Hatuna.
— Dada, Ibanda, Bukavu

Inafaa. Huko Mbale, Uganda, watoto 195 walifuatwa kwa mwaka mmoja: wengine waliwekewa valvu ya Chhabra ya Uhindi, ya dola 35 hivi wakati huo, wengine ya Codman, ya dola 650. Matokeo, yaliyochapishwa 2005, hayakuwa na tofauti ya maana. Angalieni pakiti: iwe imefungwa, haijatoboka, na tarehe ya mwisho haijapita. Kinachoharibu valvu mara nyingi ni vijidudu vya ngozi vinavyoingia siku ya kuiweka, na hivyo haviulizi bei.

Baada ya homa ya uti wa mgongo

Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya. Nina mtoto wa miezi mitatu aliyeugua homa ya uti wa mgongo akiwa na wiki mbili. Sasa kichwa kinakua na ekografi inaonyesha vifuko vingi. Amepewa furosemidi. Je, ninaweza kutoa maji kwa sindano utosini huku tukitafuta pesa ya safari? Nimtayarishe vipi?
— Muuguzi, Ruashi, Lubumbashi

Furosemidi simamisha, kwa kuafikiana na daktari wa zoni ya afya. Ilijaribiwa pamoja na asetazolamidi kwa watoto wachanga waliojaa maji baada ya kutokwa damu ubongoni. Mwaka 1998 ilitangazwa kuwa waliopewa dawa hizo walipata matokeo mabaya kuliko wasiopewa. Kwa mtoto wako inakausha mwili, inaharibu chumvi za damu, na siku zinapita.

Sindano ya utosini, hapana. Njia yake hupita ndani ya ubongo, na kila kutoboa kunaweza kuacha kifuko kipya na kuingiza vijidudu. Kwa mtoto anayekata roho kwa shinikizo ni kazi ya dharura, ya mikono iliyofundishwa. Sindano ya mgongo nayo usiiguse: vifuko vikiwa vimezibana, kutoa maji chini kunaweza kuuvuta ubongo kuelekea shingoni.

Kesi yako ni ngumu kuliko ya Goma hapo juu. Homa iliacha usaha, usaha ukaacha kuta, na kila chumba kidogo kina maji yake yasiyofika kwa jirani. Mtu akiweka valvu moja, anakausha chumba kimoja. Akiweka tatu, ana vyombo vitatu vya kuharibika. Hapa kamera ina faida kubwa: inatoboa kuta moja baada ya nyingine mpaka vyumba viwe kimoja, kisha valvu moja inaweza kutosha kwa wote. Usiwaahidi wazazi kuwa ataishi bila valvu.

Ukitaka kuwapa wazazi hesabu ya kweli, iko alama inayotumika kukadiria kama tundu la kamera kwenye sakafu ya chumba cha maji cha katikati litafanya kazi kwa miezi 6. Umri: chini ya mwezi 1 ni 0, mwezi 1 hadi 6 ni 10, miezi 6 hadi 12 ni 30, mwaka 1 hadi 10 ni 40, zaidi ya hapo 50. Chanzo: maambukizo 0, mgongo wazi, damu ya ubongoni au aina nyingi za uvimbe wa ubongo 20, mfereji wa maji ya ubongo uliobana 30. Asiyewahi kuwekewa valvu anaongezewa 10. Mtoto wako: 10, 0 na 10, jumla 20, yaani karibu asilimia 20. Mtoto wa miaka mitatu mwenye mfereji uliobana: 40, 30 na 10, jumla 80. Ugonjwa unaitwa kwa jina moja, na matarajio hayafanani hata kidogo.

Alama hiyo ni ya tundu peke yake. Daktari Benjamin Warf, akifanya kazi Mbale, aliongeza jambo moja: baada ya kutoboa, kamera inachoma tishu inayotengeneza maji. Kwa watoto chini ya mwaka mmoja mafanikio yalipanda kutoka asilimia 47 mpaka 66. Baadaye watoto 100 wa chini ya miezi 6, wote baada ya maambukizo, waligawanywa kwa kura kati ya njia hiyo na valvu. Matokeo yalitoka 2017, na baada ya mwaka akili na maendeleo yao hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Anayesema kamera daima ni bora, au valvu daima ni bora, ana kitu anachouza.

Sasa matayarisho. Pima kichwa kwa utepe usiovutika, juu ya nyusi na pale kisogo kinapotokeza zaidi, mara tatu, uandike kipimo kikubwa. Rudia kila wiki, siku ileile, utepe uleule. Miezi mitatu ya kwanza kichwa hukua karibu sm 2 kwa mwezi, mitatu inayofuata sm 1, kisha nusu sm mpaka mwaka. Anayeongeza sm 2 kwa wiki hana wiki ya kungoja.

Hakikisha homa ya uti wa mgongo imekwisha kweli kabla ya safari: antibiotiki zimemalizika, hana homa. Kuingia na kamera au valvu katika maji yenye vijidudu ni kupoteza kazi yote. Pima damu na kundi lake, malaria, na selimundu, ambayo daktari wa usingizi lazima aijue. Mtoto aendelee kunyonya. Kilo zake ni nusu ya usalama wake mezani. Kwenye barua ya rufaa andika vipimo vya kichwa kwa tarehe, dawa zote na siku zake, na tarehe ya mtapiko wa kwanza. Picha ziende zenyewe, kwenye CD au filamu. Ripoti peke yake haimsaidii mpasuaji. Waulize wazazi bila kuwagombeza kama kichwa kilichanjwa chale au utosi ulipakwa dawa ya majani. Kidonda chochote cha ngozi ya kichwa kinaahirisha upasuaji, na heri kijulikane Lubumbashi kuliko Lusaka.

Kutoka kwenu, hospitali ya Beit CURE ya Lusaka hupasua watoto wa kichwa maji. Kutoka Kivu wengine hufika hospitali ya CURE ya Mbale au Kijabe kule Kenya. Piga simu kwanza, tuma picha, ungoje tarehe. Kufika mlangoni bila miadi, na mtoto anayetapika, ndiko kunakomaliza pesa ya watu.

Kisti zilizoonekana tumboni

Nina mimba ya wiki 20. Ekografi imeonyesha kisti mbili ndogo kichwani mwa mtoto, "pleksi koroidi". Sijalala tangu jana.
— Mama, Katuba, Lubumbashi

Lala, Mama. Hizo ni tone za maji ndani ya tishu inayotengeneza maji ya ubongo. Viungo vingine vikiwa vizima kwenye ekografi, hazidhuru akili wala hazipasuliwi, na nyingi hupotea kabla ya wiki 28 hadi 32. Omba ekografi ya makini ya moyo, mikono na miguu, kwa sababu zikiambatana na kasoro nyingine huashiria tatizo la kromosomu. Zikiwa peke yake, endelea na kliniki kama kawaida.

Minyoo ya nguruwe na kifafa

Binti yangu wa miaka kumi ameanza kifafa. Skana inaonyesha vijikisti vinne, wanasema ni minyoo ya nguruwe. Sisi nguruwe hatuli kabisa! Kwa nini hawamtoi kwa kamera? Nimenunua albendazoli sokoni nianze.
— Baba, Bagira, Bukavu

Usianze, Baba. Kwanza, kutokula nguruwe hakumkingi. Anayekula nyama isiyoiva hupata tegu tumboni. Vijikisti vya ubongo hutoka kwa mayai ya tegu, na mayai hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu: mikono isiyonawiwa, mboga, maji. Huenda mwenye tegu ni mtu wa nyumbani au mpishi wa jirani. Wote pimeni choo.

Albendazoli ndiyo dawa yake, kwa kawaida mg 15 kwa kilo kwa siku, kwa siku 10 hadi 14 au zaidi, lakini inaua minyoo ndani ya ubongo, na mdudu akifa ubongo unavimba kumzunguka. Ndiyo maana hutanguliwa na dawa ya kutuliza uvimbe, chini ya jicho la daktari, baada ya macho kuchunguzwa. Kukiwa na shinikizo kichwani au vijikisti vingi sana, inaweza kumuua mtoto ambaye kifafa peke yake hakingemuua. Cha haraka leo ni dawa ya kifafa, kila siku bila kuruka.

Kamera haiingii kwenye nyama ya ubongo kuokota vijikisti. Ingeharibu njiani zaidi kuliko inavyoponya. Inaingia mdudu akiwa anaelea ndani ya chumba cha maji na kukiziba. Hapo hushikwa kwa koleo na kutolewa kupitia bomba, na akipasuka kidogo panaoshwa sana.

Tofautisheni na kisti ya tegu wa mbwa, ambayo huwa moja, kubwa, ya mviringo. Hiyo ikitobolewa humwaga mbegu zake kila mahali. Hutolewa nzima, kwa mfupa kufunguliwa pana na maji kuingizwa taratibu nyuma yake mpaka itokeze yenyewe. Tundu dogo halifai kila mahali.

Tumerudi nyumbani, sasa tuangalie nini?

Mjukuu wangu wa miaka minne amefunguliwa kisti kwa kamera Lusaka, hana valvu. Siku ya tisa tunavuka mpaka wa Kasumbalesa. Tutamlinda vipi?
— Koko wake, Kamalondo, Lubumbashi

Koko, siku tisa ni sawa kama kidonda kimekauka. Barabara si tatizo, mradi asibebwe kwa pikipiki wiki hizi za mwanzo. Kwa ndege mngengoja daktari athibitishe kuwa hewa iliyoingia kichwani imeisha.

Kidonda kikae kikavu mpaka nyuzi zitolewe, siku ya 7 hadi 10. Kisipakwe majivu, dawa ya meno wala majani. Kila asubuhi gusa mto: ukiwa umelowa maji yasiyo na rangi, maji ya ubongo yanavuja, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo, maana maji yanapotokea ndipo vijidudu vinapoingilia.

Homa ya siku moja au mbili baada ya upasuaji hutokea kwa sababu ya maji ya kuoshea na damu kidogo. Homa inayoanza nyumbani ni habari nyingine. Hapa kwetu kila homa hupimwa malaria, na ni haki, lakini kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Mtoto aliyepasuliwa kichwa, mwenye homa, shingo ngumu au usingizi usio wa kawaida, achunguzwe homa ya uti wa mgongo hata kama malaria imeonekana. Waambieni wazi pale kituoni kwamba alipasuliwa ubongo, msingoje waulize.

Kope moja ikilegea, mara nyingi hupanda tena baada ya wiki au miezi. Akinywa maji bila kutosheka na kukojoa maji meupe mchana na usiku, arudi upesi, tezi yake inaweza kuwa imeguswa, na kwa mtoto chumvi ya damu hubadilika haraka. Shule baada ya wiki 4 hadi 6, michezo ya kugongana pale daktari atakaporuhusu.

Miadi kwa kawaida ni mwezi 1, 3, 6 na 12, kisha kila mwaka. Madirisha yanayoziba huziba zaidi ndani ya miezi 6 ya kwanza, lakini liko linaloziba baada ya miaka, na likiziba mtoto anaweza kuzama ndani ya masaa machache. Kwa hiyo karatasi ya upasuaji inayosema kisti ilikuwa wapi, tundu lilipita wapi, tarehe gani, na kwamba hana valvu, ipigwe kopi tatu: moja nyumbani pamoja na CD, moja kwa mwalimu, moja ndani ya mfuko wa yeyote anayesafiri naye. Daktari wa usiku asiyejua kuwa kuna dirisha ataona kutapika, ataandika dawa ya malaria au ya tumbo, na atawarudisha nyumbani.